Tupeane uzoefu: babu yako alifika wapi, na alirudi na nini?

MjukuuWaIlula
Wakuu habari za jioni. Jumamosi tumemaliza arobaini ya babu mzaa baba, kule Ilula. Watu walipotawanyika shangazi akatoa sanduku la bati la babu, lile alilokuwa analikalia pale mlangoni na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa, akasema haya lifungueni wenyewe mimi siwezi. Ndani tumekuta spana namba 17, leseni iliyochakaa mpaka picha imekuwa kama moshi, shuka jipya ambalo halijawahi kufuliwa, na daftari dogo jeusi lililolowa oili miaka hiyo likakaukia hivyo hivyo.

Babu alikuwa dereva wa malori. Sio haya ya leo yenye kitanda na AC. Ni kile kipindi Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Novemba 1965, Zambia ikabanwa mafuta, basi petroli na dizeli zikawa zinapita kwetu. Mapipa yanapakiwa bandarini Dar, yanapanda mpaka Zambia, na kurudi wanarudi na shaba. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar mpaka Zambia, limekuja kukamilika 1968, kabla ya hapo bomba walikuwa ni hawa wazee. Barabara yenyewe vumbi, masika inakuwa uji, Wazungu waliibatiza njia ya jehanamu.

Alipenda kutusimulia Kitonga. Anasema ukifika Kitonga umebeba mzigo, utingo hakai kwenye gari. Anakimbia nyuma na gogo begani, gari likisita tu analitupia chini ya tairi, dereva anapumua, anatafuta gia, gari linasogea hatua kumi, utingo anaokota gogo anakimbia tena. Mlima mzima mwendo ni huo. Kulia kwako korongo, na nyuma mapipa yanagongana ngo, ngo, ngo, ukisikia mlio umebadilika ujue kuna pipa limelegea na roho yako nayo imelegea.

Sasa kinachonisumbua ni daftari. Kila safari ameandika tarehe, idadi ya mapipa, halafu sehemu na namba. "Mikumi 1. Kitonga 2. Igawa 3. Tunduma 1." Kurasa na kurasa. Na kuna "Kitonga 1" moja ya mwaka 1967 ameizungushia duara na kuizungushia tena mpaka karatasi imetoboka. Baba hajui, shangazi hajui. Nimekaa nalo usiku kucha nikaona kumbe mimi nilimjua babu wa kigoda tu, yule kijana aliyepanda Kitonga sikumuuliza hata swali moja la maana.

Tupeane uzoefu. Babu yako alifika wapi na alirudi na nini. Na anayejua hizo namba anisaidie tafadhali.

Kipepeo
Pole sana mkuu. Hilo sanduku la bati, mbona kama unaongelea la kwetu.

kaka_tukuyu
Umenikumbusha mbali kaka. Babu yangu alikwenda Joni, yaani Johannesburg. Huku kwetu Rungwe wazee ukisema Wenela wote wanajua, ndio waliokuwa wanaandikisha vijana kwenda kuchimba dhahabu kwa Makaburu. Aliondoka akiwa hajaoa, akarudi, akaoa, akaondoka tena, jumla mikataba mitatu. Baada ya Uhuru serikali yetu ikapiga marufuku mambo ya kupeleka watu kule, la sivyo nadhani angekwenda na wa nne.

Alirudi na baiskeli, blanketi nzito zenye milia, gramofoni na kile kilugha cha migodini, Fanakalo. Akikasirika anatukana kwa Fanakalo. Sisi watoto tukawa tunatukana nayo shuleni bila kujua tunasema nini, mpaka siku moja mwalimu mmoja ambaye baba yake naye alikuwa Joni akatuelewa. Fimbo za siku ile nazikumbuka.

Ila kuna kitu hakuwahi kuweza. Kulala chumba kisicho na dirisha. Hata kwenye msiba, akipewa chumba cha ndani anatoka anakwenda kulala barazani na baridi yote ya Tukuyu. Bibi ndio alituambia kwamba kule chini mwamba uliwahi kushuka wakakaa gizani muda mrefu, na mwenzake aliyekuwa pembeni yake alikuwa anaongea, akaongea, halafu akanyamaza. Babu mwenyewe hajawahi kutamka hilo jambo. Ukimuuliza Joni anakusimulia taa za mjini.

fundi_redio
Wangu alijenga reli ya TAZARA. 1970 mpaka 1975, kipande cha Mlimba na Makambako, kile chenye mahandaki na madaraja hata usiulize. Kafanya kazi na Wachina miaka mitano akaondoka na tabia moja, kunywa maji ya moto. Sio chai. Maji matupu ya moto, asubuhi na jioni, na chupa yake ya chai ilikuwa haiguswi. Tulimzika na chupa ile ikiwa kwenye meza bado ina maji, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyamwaga, yakakaa wiki nzima.

chai_bila_sukari
Samahanini jamani ila nyuzi hizi huwa kila babu ni shujaa. Nikihesabu babu zote za humu ndani zilizopigana Bama (Burma, vita ya pili) basi Mwingereza asingehitaji Mhindi. Wengine babu zetu walilima mihogo tu wakafa, na walikuwa watu wema.

Kipepeo
@chai_bila_sukari mbona Bama hajaitaja mtu bado, umekuja na ugomvi wako mfukoni

Chaza la Wete
Mie nasema langu. Babu yangu mzaa mama akiitwa baharia tangu hajabaleghe, Wete hapa. Alianza kwa kuchota ngama, ndio kazi ya mtoto kwenye chombo, maji yanaingia chini weye wachota wamwaga, usiku na mchana. Wakenda Rufiji kupakia boriti za mikoko, wakazileta Unguja, na msimu mwengine wakapandishwa vyombo vikubwa vya Waarabu wakenda nazo mpaka Ghuba. Kule hakuna mti wa kusimamisha nyumba. Babu akisema ukiingia nyumba ya kale ya Kuwait au ya Sur vyumba vyote vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti, haizidi. Yaani mkoko wetu wa Rufiji ndio uliompimia Mwarabu chumba chake cha kulala.

Vyombo vinakuja na kaskazi, Disemba hadi Machi hivi, vikaondoka na kusi ikianza. Ukikosa kusi umekosa mwaka. Basi mwaka mmoja wameondoka wamechelewa, kusi imeshakuwa kali, wamefika usawa wa Ras Hafun, Somalia, foromali ikakatika, ule mti unaobeba tanga. Tanga likaanguka baharini na watu wawili wamo ndani yake kama samaki kwenye wavu. Nahodha akasema kateni kamba, tanga liende, la sivyo chombo kinapinduka. Babu ndiye aliyekuwa na kisu.

Alikata.

Mmoja walimpata, alishika kamba ya nyuma. Mwengine ndio bahari ilivyoandika. Babu akanionesha kisu chenyewe, kifupi, mpini wa pembe, kilikaa juu ya kabati miaka yote na hata kuku hakikuchinja. Akiniambia mimi nilikata kwa amri, na nahodha alikuwa na haki, chombo kilikuwa na watu kumi na nane. Halafu akanyamaza kidogo akauliza, kwani we waonaje? Mimi nna miaka kumi na mbili, ntasema nini. Nikasema hukukosea babu. Akashika kichwa changu akaniambia kalete kahawa.

Mpaka leo nikinusa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo, machozi yananitoka. Wenzangu wanaziba pua mie nalia.

Kipepeo
Dah. "Kwani we waonaje". Nimeacha kula.

mama2wawili
Nimesoma zote na zimenigusa kweli, ila naomba niulize. Na bibi zenu je? Babu yuko Joni, babu yuko Ghuba, babu yuko Zambia, nani alikuwa analima? Babu yangu mimi aliondoka 1947 kwenda Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa mapema tu, 1951 walishaufunga, yeye akarudi 1953. Ile miaka miwili ya kati hakuna anayejua. Alirudi na koti na filimbi. Bibi alikuwa amezika mtoto mmoja, amejenga nyumba, na amelipa kodi ya kichwa ya huyo mume ambaye hayupo, maana jumbe alikuwa hataki kusikia habari za kusafiri. Hadithi ya koti na filimbi tunaijua ukoo mzima. Hadithi ya ile kodi nimeisikia mara moja tu, tukiwa tunachambua mboga.

chai_bila_sukari
@mama2wawili sasa hapo umeongea

kaka_tukuyu
Dada uzi ni wa babu, anzisha wa bibi tutakuja wote

mama2wawili
@kaka_tukuyu ukweli wa jambo la ndani huko juu wewe mwenyewe umeupata kwa bibi, soma ulichoandika.

kaka_tukuyu
Ni kweli. Nisamehe.

mgambo_jr
Wangu alikuwa mgambo, 1978 Amin alipoingia Kagera. Alitembea kutoka Kyaka mpaka Kampala, Aprili 11, 1979 alikuwepo.

Kipepeo
Kagera ni babu?? Mimi ni baba yangu mzazi alikuwa huko

mgambo_jr
Mimi nimezaliwa 2001 mama, hiyo vita kwangu ni sawa na Majimaji

Kipepeo
Nimezeeka ghafla Jumanne jioni

bungoma_boy
Mimi niko Kenya, mtanivumilia Kiswahili changu. Nilikuwa nasoma tu kimya lakini huyu aliyesema mambo ya Bama amenifanya niandike. Kuka yangu, yaani babu, alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, na si hadithi, barua ya kuachishwa jeshi iko kwa ndugu yangu mkubwa.

Waliandikishwa wawili siku moja, yeye na mtoto wa baba yake mdogo. Walikuwa wamelingana, walitahiriwa pamoja, ukimwona mmoja mwingine yuko nyuma. Jeshini wakatenganishwa, yule mwingine akapelekwa kwa mizinga. Februari 1944 wote wakaletwa Kilindini, bandari ya Mombasa, kupanda meli kwenda Ceylon, halafu Burma. Kulikuwa na meli tano za askari na manowari za kulinda. Kuka akaingia meli moja, ndugu yake ingine. Waliagana kwa dock wakacheka, kwa sababu yule wa mizinga alikuwa amepata ile meli inakaa kubwa, inaitwa Khedive Ismail, na akasema sisi watu wa mizinga tunasafiri kama machifu.

Wamekaa baharini wiki moja. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, wamekula lunch, bahari imetulia kabisa. Kuka alikuwa kwa deck anafua shati. Akasikia mlipuko, halafu mwingine. Akainua macho akaona ile meli imelala upande. Alikuwa anasema, "Sikuwa nimemaliza kukamua shati." Dakika mbili haikufika. Meli yote yenye watu zaidi ya elfu moja na mia tano, ukiangalia sasa kuna maji na vichwa.

Na si hiyo ndiyo mbaya. Submarine ya Wajapani ilikuwa imejificha chini ya palepale watu wanaogelea. Manowari za Waingereza zikarudi, zikaanza kuangusha mabomu ya kwenda chini ya maji. Palepale. Meli ya kina kuka na zile zingine zimeambiwa zikimbie, wanaenda, wanaangalia nyuma, vichwa viko, maji yanaruka, vichwa haviko. Alikuwa akifika hapo anafanya hivi na mkono, kama mtu anafuta meza.

Aliendelea na safari. Alifika Burma, lile bonde la Kabaw, mvua, matope, malaria, akavuka Chindwin. Huko hakuwa anasema sana, alisema tu tulitembea. Aliachishwa 1946 akarudi nyumbani na miguu kutoka stesheni. Na mama ya yule ndugu yake akakuja kumpokea njiani akiwa anaimba, kwa sababu alifikiria wanarudi wawili. Barua ya serikali ilikuwa imekuja lakini huyo mama hakuwa anajua kusoma na yule chifu aliyesomewa hakutaka kuwa yeye atasema. Kwa hivyo ni kuka alisema. Barabarani, na kit bag kwa mgongo.

Kwa sababu hakuna mwili, walizika mgomba, vile desturi yetu inasema. Shina la ndizi limefungwa blanketi ya jeshi ya kuka. Hiyo kaburi iko mpaka leo kwa boma ya wazee wetu.

Sasa sisi wajukuu tulikuwa tunaenda kuogelea mto Nzoia. Kuka alikuwa anakuja anasimama kwa mawe, hasemi kitu, na anahesabu. Kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Ukizama kidogo anaanza tena kutoka moja. Tulikuwa tunamcheka, tunazama makusudi ndio aanze upya. Hiyo hadithi ya meli tuliambiwa kama tumeshakuwa watu wazima. Tangu hiyo siku siwezi kukumbuka Nzoia bila kusikia hiyo hesabu yake. Sijui kwa nini nimeandika yote hii. Asanteni.

Chaza la Wete
Innalillahi. Ndugu yangu wa Bungoma nimesimama.

fundi_redio
Tulikuwa tunazama makusudi... aisee

Mwl_Historia
Kwa wasiojua, alichoandika huyu ndugu ni kweli tupu. Khedive Ismail ilizama tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27. Walikufa karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pia wauguzi wanawake wa Kiingereza. Walionusurika ni kama mia mbili tu. Nyambizi nayo ilizamishwa siku hiyo hiyo. Nimefundisha historia miaka mingi na kwenye silabasi sijawahi kukuta hata mstari mmoja, mwanafunzi anaimaliza sekondari anaijua Pearl Harbor na haijui hii.

chai_bila_sukari
@bungoma_boy nilichoandika pale juu nakifuta moyoni. Pole sana kwa familia. Bado nasema lakini hawa wazee walipigania vita isiyo yao, Mwingereza aliwatumia.

mgambo_jr
Wengine walilazimishwa, usiseme kama walijitolea

chai_bila_sukari
Sijasema walijitolea, nimesema walitumiwa

Mwl_Historia
Mnasema kitu kimoja mnagombana. Waliokwenda kwa hiari walikuwepo, waliosukumwa na machifu walikuwepo, na wote walipoachishwa walilipwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu wa cheo kile kile akipata zaidi. Kariakoo mnayonunulia nguo ni Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza. Wale hata kuhesabiwa vizuri hawakuhesabiwa.

Buhigwe_halisi
Naomba nibadilishe kidogo maana mimi nahitaji msaada sio hadithi tu. Babu yetu alikuwa manamba. Alitolewa Kigoma miaka ya hamsini kwenda mkonge Tanga, treni halafu malori, shingoni kafungwa kibati cha namba ndio maana wakaitwa manamba. Unapewa kipande, siku thelathini zikijaa ndio mshahara. Utomvu wa mkonge unawasha mwili mzima na ncha ya jani ikikupata jichoni ndio basi, jicho lake la kushoto ndio lilibaki huko. Alirudi nyumbani baada ya miaka tisa.

Amefariki mwezi wa tatu. Siku ya nne ya msiba wakashuka watu watatu kwenye basi, wanasema wanatoka Muheza. Mzee mmoja na dada zake wawili. Wana picha. Babu yupo kwenye picha kijana, macho yote mawili mazima, amebeba mtoto. Wazee wetu wakataka kuwafukuza palepale. Yule mzee alikuwa mpole, akasema hatujaja kudai, tumekuja kuzika tumechelewa. Halafu akacheka kidogo kwa uchungu, na lile jicho la babu ambalo lilikuwa halipo tukaliona limekaa usoni kwake, limebana vilevile.

Bibi yupo hai. Akaomba kiti. Akamuuliza mama yenu aliitwa nani? Yule mzee akataja. Bibi akanyamaza, akasema, "Huyo alikuwa anamwita kila akishikwa na homa. Mimi nilidhani ni dada yake." Akawaambia mabinti waingie jikoni wale.

Sasa tatizo baba wadogo hawataki kusikia. Wanasema wamefuata shamba. Wale watu hawajaomba hata mche wa mgomba, wameondoka na udongo wa kaburini kwenye kitambaa basi. Mimi roho inaniuma. Nifanye nini?

Kipepeo
Wapeni sehemu wajenge hata kibanda, damu ni damu

mgambo_jr
Pimeni DNA kwanza mkuu, msijekugawa shamba kwa sura ya jicho

Chaza la Wete
DNA ya nini na bibi mwenyewe amekubali? Mwenye uchungu kakubali nyie mwapinga mna nini. Fanyeni kikao na watu wazima na mtu wa dini, muangalie haki yao.

kaka_tukuyu
Usiguse habari ya shamba mwaka huu. Nenda Muheza wewe mwenyewe, wasalimie, kaa nao siku mbili, rudi. Mwakani ndio muongee.

fundi_redio
Usiende peke yako bila ruhusa ya baba wadogo, utaonekana umewasaliti. Halafu chukua namba zao za simu kabla hujafanya chochote. Na mrekodi bibi kwa simu, leo.

mama2wawili
Msimrekodi bibi bila kumwambia. Mwambie bibi nataka nirekodi, akikataa kaa naye chambueni mboga atasema. Na muulize yeye wale watu anataka wafanyiwe nini, mbona mnauliza kila mtu isipokuwa mwenye nyumba.

Buhigwe_halisi
@mama2wawili nimeenda kumuuliza sasa hivi nimerudi. Amesema anataka aletewe yule mama wa Muheza kama bado mzima. Ana maswali yake. Amenikatalia kusema ni yapi.

Kipepeo
Mimi naomba nifadhiliwe nauli nikae pembeni tu nisikilize

mgambo_jr
Halafu mwenye uzi yuko wapi, zile namba za daftari mimi nilikuwa nimeshawaza baada ya hii stori ya Muheza, Kitonga 2, Igawa 3, isije ikawa ni watoto

kaka_tukuyu
Igawa 3 😂 mzee alikuwa na kazi

Mwl_Historia
Acheni utani msiba bado mbichi. Mkuu, huenda ni siku alizokwama.

MjukuuWaIlula
Nipo wakuu, nimesoma kila neno, na bungoma_boy ahsante kwa kutuamini na hadithi ile. Mgambo_jr hujanikwaza, shangazi naye aliwaza hivyo hivyo akafunga daftari haraka.

Nimepata jibu. Baba alikumbuka kwamba utingo wa babu yupo hai, anakaa huko juu kidogo ya kwetu, amezeeka sana na haoni vizuri. Jana nimekwenda na daftari na kilo mbili za sukari. Nikamwamkia, kamwene, nikajitambulisha mjukuu wa nani. Akanipapasa uso kwanza.

Nikamsomea. Mikumi 1, Kitonga 2. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hizo ni pancha. Tajiri alikuwa anakata pesa ya mpira kwenye mshahara wa dereva, anasema mmeuza, ndio babu yako akaanza kuandika kila pancha na mahali, akamwambia tajiri twende nikakuoneshe jiwe lenyewe. Sehemu nyingine alikuwa anakumbuka hata jiwe. Igawa 3 akasema ah, ile siku tulilia.

Nikamwambia kuna Kitonga 1 yenye duara. Akanyamaza. Akanyoosha mkono wa kulia, vidole viwili havipo, kidole cha kati na cha pete, vimekatwa mpaka kwenye kiganja. Anasema siku hiyo mvua ilinyesha, gogo liliteleza, mkono wake ulikuwa bado uko juu ya gogo tairi liliporudi. Babu hakuweza kuliacha lori na mapipa mlimani, na hakuweza kumwacha yeye. Akamwamuru dereva wa lori la nyuma akae na yote mawili, akavua shati akamfunga, akambeba mgongoni akaanza kupanda Kitonga kwa miguu mpaka walipopata gari la kuwafikisha hospitali Iringa. Anasema babu alikuwa anaongea njia nzima asilale, anamtajia mawe. Hapa ndio tulipasua Machi. Hapa ndio lile jeupe.

Lile shuka jipya nimemuuliza pia. Hospitalini walilala na shuka moja la babu lililoharibika kwa damu, na yeye alipoanza tena kupata mshahara alimnunulia babu lingine. Babu alilipokea na hakulitumia hata siku moja.

Nimelirudisha kwake leo asubuhi, shangazi ndiye aliyesema lirudi. Amelikunja akaliweka chini ya mto. Ameomba kitu kimoja tu, apelekwe Kitonga apande kwa gari akiwa amekaa kiti cha mbele, maana miaka yote ile mlima ule aliupanda kwa mbio. Jumamosi naazima gari la mjomba tunakwenda. Daftari nalibeba, amesema atanionesha lile jiwe jeupe lilipo.